Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukadiria idadi ya waombaji na ukali wa ushindani katika udahili wa MBA

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Dodoma na mikoa ya jirani wanaofikiria kusoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, ambayo wengi wetu tunaiita MBA tu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watumishi wa umma, wahasibu, maofisa wa benki na wafanyakazi wa mashirika wenye shahada ya kwanza na miaka mitano au kumi ya kazi, na wote huulizana swali lile lile wanapokutana jioni: pale wanaomba watu wangapi, na mimi nitapenya? Nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kuandaa maombi kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba wengi hukosea katika kuhesabu kabla hawajakosea katika kuandika. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu hesabu hiyo.

Kwa nini nihangaike kukadiria idadi ya waombaji badala ya kuomba tu?

Kwa sababu kila ombi lina gharama, na gharama hiyo si fedha peke yake. Vyuo vya Marekani kama Harvard hutoza dola 250 za Marekani kwa ombi moja na Stanford dola 275, na kabla ya hapo umekwisha kulipia mtihani wa GMAT au GRE, yaani mitihani ya kimataifa ambayo vyuo vya nje huitumia kuwapima waombaji wa uzamili. Ada ya maombi katika vyuo vya hapa nchini ni ndogo sana ukiilinganisha na hizo, lakini huku pia utahitaji vyeti vilivyothibitishwa na wadhamini watakaokuandikia barua. Mkuu wako wa idara atakuandikia barua mbili au tatu kwa moyo mmoja, ila ukimpelekea ya saba usitarajie uzito ule ule.

Sababu ya pili ni woga, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Mwenzangu mmoja anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, alikaa miaka mitatu bila kuomba chuo cha hapa hapa nchini, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba "wanaomba maelfu". Alipoomba hatimaye alidahiliwa bila shida yoyote, na alipoingia darasani alikuta viti vitupu. Makisio mabaya, ambayo hakuyafanya yeye mwenyewe bali aliyaokota tu, yalimgharimu miaka mitatu.

Kiwango cha udahili ni nini hasa?

Ni idadi ya waliokubaliwa ikigawanywa kwa idadi ya walioomba. Jambo la kushika ni kwamba kuna namba tatu, wala si mbili: walioomba, waliokubaliwa, na walioanza masomo. Namba ya pili na ya tatu hutofautiana, kwa sababu si kila anayepewa barua ya udahili huenda kuripoti. Mmoja amepata chuo kingine, wa pili amekosa ada, wa tatu mwajiri amemnyima ruhusa. Sehemu ya waliokubaliwa ambao huripoti kweli nitaiita hapa uitikio, na asiyeutia uitikio katika hesabu yake hupata jibu linalotisha kuliko hali ilivyo.

Chuo kimetangaza walioomba na walioanza tu. Nitawajuaje waliokubaliwa?

Huwezi kuwajua kwa uhakika, lakini unaweza kuwabana katikati ya kiwango cha chini na cha juu. Chukua darasa la Harvard lililoanza mwaka 2024. Maombi yalikuwa 9,856 na walioanza walikuwa 930. Ukigawanya moja kwa moja unapata asilimia 9.4, na watu wengi huishia hapo na kutangaza kwamba hicho ndicho kiwango cha udahili. Sicho. Harvard ni chuo ambacho wachache hukikataa wakishakubaliwa, kwa hiyo tuchukulie kwamba uitikio wake uko kati ya asilimia 85 na 92. Ukigawanya 930 kwa 0.92 unapata takriban watu 1,011 waliokubaliwa, na ukigawanya kwa 0.85 unapata takriban 1,094. Kiwango cha udahili basi kinaangukia kati ya asilimia 10.3 na 11.1.

Kwa Stanford, mwaka huo huo maombi yalikuwa 7,295 na walioanza 424, yaani asilimia 5.8 kwa mgawanyo wa moja kwa moja. Ukiupa uitikio wake nafasi pana, tuseme kati ya asilimia 80 na 95, unapata kiwango cha udahili cha kati ya asilimia 6.1 na 7.3. Angalia kwamba hata nilipoutanua uitikio kiasi hicho jibu halikusogea sana, kwa sababu chuo chenyewe ni kigumu mno.

Tofauti inajitokeza kwenye chuo ambacho waliokubaliwa wana mahali pengine pazuri pa kwenda. Wharton, shule nyingine ya biashara ya Marekani, ilipata maombi 7,322 mwaka huo na wakaanza 866, sawa na asilimia 11.8. Lakini wengi wanaokubaliwa Wharton huwa wamekubaliwa pia kwingine. Tukichukulia uitikio wa kati ya asilimia 60 na 70, waliokubaliwa wanakuwa kati ya 1,237 na 1,443, na kiwango cha udahili kinapanda hadi kati ya asilimia 17 na 20. Mtu aliyeishia kwenye asilimia 11.8 atakiona chuo hicho kigumu takriban mara moja na nusu ya kilivyo. Viwango vya uitikio nilivyotumia hapa ni vya kukisia, na wewe unaweza kuweka vya kwako. Lakini usikubali kamwe kufanya hesabu bila kuweka chochote.

Je, takwimu za mwaka mmoja zinatosha?

Hazitoshi, na mfano bora ni Harvard yenyewe katika miaka ya janga la UVIKO-19. Mwaka 2020 maombi yalikuwa 9,304 na walioanza walikuwa 732 tu, yaani asilimia 7.9 kwa mgawanyo wa moja kwa moja. Aliyetazama namba hiyo peke yake angesema chuo kimebana mlango kuliko wakati wowote. Ukweli ni kwamba chuo kiliwaruhusu waliokubaliwa kuahirisha masomo kwa sababu ya janga, na wengi waliitumia ruhusa hiyo. Mwaka uliofuata darasa lilifikia wanafunzi 1,010 kati ya maombi 9,773, na sehemu ya darasa hilo walikuwa wale walioahirisha, ambao hawakushindana na waombaji wapya hata kidogo. Mwombaji wa mwaka 2021 aliyeliona darasa kubwa akadhani mlango umefunguliwa naye alikosea, safari hii kwa upande wa pili.

Baada ya hapo maombi yalishuka hadi 8,264 mwaka 2022 na 8,149 mwaka 2023, kisha yakapanda tena hadi 9,856 mwaka 2024. Kupanda na kushuka huko kuna sababu. Ajira zinapokuwa nyingi Marekani, vijana hubaki kazini. Zinapoyumba, hukimbilia shule. Kwa hiyo anayekadiria ushindani wa mwaka ujao kwa namba za mwaka jana anapaswa kujiuliza pia soko la ajira limeelekea wapi.

Hapa kwetu sababu ni nyingine. Tawi jipya la chuo likifunguliwa Dodoma, waombaji hugawanyika. Waajiri wakubwa wakisimamisha kugharamia masomo kwa mwaka mmoja, maombi hupungua, halafu mwaka unaofuata waliosubiri huja kwa pamoja. Angalia angalau miaka mitatu.

Nikijumlisha waombaji wa vyuo vyote, si nitapata idadi ya watu ninaoshindana nao?

Hapana. Maombi si watu. Mtu mmoja huomba vyuo vitatu, vinne au zaidi, na anahesabiwa kila mahali anapoomba.

Vyuo vya hapa nchini havitangazi idadi ya waombaji wa MBA. Nianzie wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi hukata tamaa mapema bila sababu. Dodoma na maeneo ya karibu hatuna uhaba wa mahali pa kusomea uzamili wa biashara na fani za jirani: kipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo Chuo Kikuu cha St. John's pale Mazengo, kuna kituo cha Chuo Kikuu Huria, kuna matawi ya Chuo cha Elimu ya Biashara na ya Chuo cha Uhasibu Arusha, na ukishuka Morogoro kuna Mzumbe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa takwimu za jumla za udahili, ambazo zinafaa kukuonyesha mwelekeo wa nchi nzima, lakini kwa kozi moja katika chuo kimoja itakubidi ukusanye dalili mwenyewe. Dalili zinazofaa ni nne.

Ya kwanza ni orodha ya waliochaguliwa. Vyuo vingi huibandika kwenye tovuti kama faili la kupakua, na majina yakiwa yamepangwa kwa kozi unaweza kuhesabu waliokubaliwa mmoja mmoja. Ipakue mapema uitunze, kwa maana mwaka mpya wa masomo ukianza mara nyingi huondolewa. Angalia pia kama kuna orodha ya awamu ya pili na ya tatu. Chuo kinachotoa orodha ya tatu ya MBA na kuongeza muda wa maombi kinakuambia, bila kutamka, kwamba viti havijajaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dalili yenye nguvu kuliko zote, tena ni ya bure.

Ya pili ni kitabu cha mahafali. Kinaorodhesha wahitimu kwa kila kozi, nacho kinakupa kiwango cha chini cha ukubwa wa darasa la miaka miwili au mitatu iliyopita. Nasema kiwango cha chini kwa sababu kila mtu aliyesoma uzamili nchini anajua watu wanavyokwama kwenye tasnifu. Darasa la wanafunzi 50 linaweza kuhitimisha 20 kwa wakati, na wengine wakaja kuvaa joho miaka mitatu baadaye. Usiseme darasa lilikuwa la watu 20.

Ya tatu ni kuuliza. Mratibu wa kozi ni mtu wa kawaida mwenye ofisi, na swali la heshima kama "Mwaka jana darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi, na kuna waliokosa nafasi wakiwa na sifa?" hujibiwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo ya maana.

Ya nne ni namba za maombi, ambayo inahitaji jibu lake yenyewe.

Namba ya ombi langu inaweza kuniambia nini?

Mifumo mingi ya udahili humpa kila anayejisajili namba inayofuatana na ya aliyetangulia. Ikiwa namba yako ni 236, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba watu 235 wamekutangulia. Ukikusanya namba za watu kadhaa, unaweza kukadiria namba ya mwisho hata kama hujamwona aliyeipata.

Njia hii ni ya zamani na ilithibitika katika jambo zito zaidi ya udahili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanatakwimu wa nchi za Washirika walitumia namba za mfululizo zilizopigwa kwenye vipuri vya vifaru vya Ujerumani kukadiria vilikuwa vikitengenezwa vingapi kwa mwezi. Kwa mwezi Agosti 1942 walikadiria 327, wakati makachero walikuwa wakisema 1,550. Vita vilipokwisha na kumbukumbu za Wajerumani zikafunguliwa, namba halisi ilionekana kuwa 342. Ninapenda mfano huu kwa sababu unaonyesha umbali ulioko kati ya hesabu ya utulivu na uvumi wa watu wenye hofu, na umbali wa namna hiyo hiyo ndio ninaouona kwenye mazungumzo yetu kuhusu MBA.

Kanuni yenyewe ni rahisi: chukua namba kubwa kuliko zote ulizokusanya, igawanye kwa idadi ya watu uliowauliza, jumlisha jibu hilo kwenye ile namba kubwa, kisha toa moja. Tuseme watu sita kutoka Ipagala, Nkuhungu, Area C na kwingineko wamekupa namba zao: 41, 113, 187, 236, 298 na 352. Namba kubwa ni 352. Ukiigawanya kwa sita unapata takriban 59, ukijumlisha unapata 411, na ukitoa moja unabaki na 410.

Lakini hiyo 410 si idadi ya washindani wako, na hapa naomba msomaji asiruke hatua. Kwanza, wapo waliofungua akaunti wakaishia njiani bila kulipa ada ya maombi. Kama kati ya sita wako wanne ndio waliopewa namba ya malipo na kulipa, basi theluthi mbili ya 410 ni takriban 273. Pili, mfumo mara nyingi hutoa mfululizo mmoja wa namba kwa kozi zote za uzamili, kuanzia ualimu hadi afya ya jamii. Rudi kwenye orodha ya waliochaguliwa ya mwaka uliopita: kama ilikuwa na majina 240 ya uzamili na 60 kati yao yalikuwa ya MBA, basi chukua robo. Robo ya 273 ni takriban 68. Tatu, kati ya hao 68 watakuwapo wasiotimiza sifa za chini, na wapo watakaokubaliwa wasiripoti. Ikiwa darasa lina viti 60, mwenye sifa kamili hana mtu wa kumwogopa.

Tulianza na namba iliyofanana na umati uwanjani, tukamalizia na watu wanaotosha mabasi mawili ya Coaster na nusu. Namba za mfano huu nimeziweka mimi ili hatua zionekane, lakini njia ni hiyo hiyo popote utakapoitumia.

Tahadhari mbili. Kusanya namba baada ya dirisha la maombi kufungwa, kwa sababu sisi ni watu wa siku ya mwisho na nusu ya maombi yanaweza kuingia ndani ya wiki moja. Na usiulize marafiki wa ofisi moja peke yao, maana huenda waliomba siku moja kwa kuhamasishana. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi anapotaka kukisia mavuno hahesabu vishada vya mistari iliyo kando ya njia tu. Huingia katikati ya shamba, akachukua mti huku na mti kule. Fanya kama yeye.

Nikishapata idadi ya waombaji, nimejua ushindani?

Bado. Idadi inakuambia foleni ni ndefu kiasi gani, haikuambii waliomo kwenye foleni ni akina nani. Chuo chenye waombaji 300 ambao theluthi mbili yao hawakusoma hata masharti ya udahili ni rahisi kuliko chuo chenye waombaji 100 waliojichuja wenyewe kabla ya kuomba. Hii ndiyo sababu viwango vya udahili vya vyuo viwili havilinganishwi kirahisi. Asilimia 20 ya chuo kinachodai GMAT na insha tatu si sawa na asilimia 20 ya chuo kinachopokea mtu yeyote mwenye shahada, kwa kuwa kwenye chuo cha kwanza mtihani na insha vimekwisha kuwaondoa wengi kabla hesabu haijaanza.

Katika vyuo vikubwa vya nje kuna jambo jingine: darasa hupangwa. Wadahili hawawataki watu 900 wote kutoka benki za New York, hata kama wote wana alama za juu. Wanatafuta mchanganyiko wa nchi, sekta na uzoefu. Darasa la Harvard lililoanza mwaka 2024 lilikuwa na asilimia 35 ya wanafunzi kutoka nje ya Marekani. Mtu aliyesimamia mradi wa maji Kondoa au mikopo ya wakulima wa alizeti Singida hashindani moja kwa moja na mhandisi wa kompyuta wa California. Anashindana zaidi na Waafrika wengine wenye historia inayokaribiana na yake, na kundi hilo ni dogo ingawa lina watu hodari. Usilisome jambo hili kama ahadi ya upendeleo. Maana yake ni kwamba asilimia ya jumla si asilimia yako, kwa kheri au kwa shari.

GPA yangu ni 3.1. Je, nijihesabu nje?

Hapa nchini, hapana. Katika mizani yetu ya 5.0, daraja la pili la chini ni GPA ya kuanzia 2.7 hadi 3.4, na kozi nyingi za uzamili huanzia 2.7. Ukishavuka mstari huo, tofauti kati ya 3.1 na 3.6 kwa kawaida haiamui udahili wa MBA pale ambapo viti havijai, ingawa inaweza kuamua pale vinapojaa.

Nje ya nchi kuna hatari ya aina nyingine. Marekani hutumia mizani ya 4.0, na msomaji wa haraka anaweza kuilinganisha 3.1 yako na ya kwao. Usiigeuze GPA yako mwenyewe kwa kanuni uliyoitoa mtandaoni. Iandike kama ilivyo, taja kwamba ni kati ya 5.0, na utaje daraja la shahada yako.

Na alama ya GMAT? Nasikia inahitajika 740.

Alama ya 740 ilikuwa ya katikati ya darasa la Harvard lililoanza mwaka 2024, na wastani wa Stanford ulikuwa 738, zote kwa mtihani wa zamani ulioishia 800. "Ya katikati" maana yake ni kwamba nusu ya waliofanya mtihani huo wakaingia walikuwa na 740 au chini yake. Watu huisoma namba hiyo kama kizingiti, na kwa kusoma hivyo hujiondoa wenyewe mbele ya mlango uliokuwa wazi.

Mtihani wenyewe ulibadilika. Toleo jipya lilianza Novemba 2023, la zamani likafungwa mwanzoni mwa 2024, na sasa alama zinakwenda kutoka 205 hadi 805. Alama za matoleo haya mawili hazilingani: 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani. Nimewaona watu wawili wenye 645 wakihuzunika bure. Mtihani una sehemu tatu, unachukua saa mbili na robo, unaweza kufanywa nyumbani kwa intaneti, na matokeo yake hudumu miaka mitano. Kwa anayefanyia nyumbani hapa Dodoma, kitisho kikubwa ni umeme na mtandao kukatika. Panga mbadala wa vyote viwili kabla ya kulipa.

Awamu ya kuomba inabadilisha ushindani?

Ndiyo, lakini si sana kama watu wanavyodai. Vyuo vikubwa vya Marekani hupokea maombi kwa awamu, ya kwanza Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari, na baadhi yao huwa na ya tatu kwenye mwezi Aprili. Awamu mbili za kwanza hugawa karibu viti vyote. Ya tatu ina waombaji wachache, ila viti vilivyobaki ni vichache zaidi, na kwa anayetoka Tanzania muda wa kutafuta fedha na viza huwa umebana mno.

Kwa watumishi wenzangu nina ushauri unaotokana na kalenda ya mji huu. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo afisa wa wizara hajimiliki. Anayetaka awamu ya Septemba afanye mtihani kabla ya Aprili, ili Julai na Agosti zibaki kwa insha na wadhamini.

Ushindani wa nafasi na ushindani wa ufadhili ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili, na kuvichanganya kunaumiza. Ada peke yake Harvard kwa mwaka wa masomo 2024/2025 ilikuwa dola 76,410, bila chakula wala malazi, na kozi ni ya miaka miwili. Harvard na Stanford hutoa misaada kwa kuangalia hali ya fedha ya mwanafunzi aliyekwisha kudahiliwa, kwa hiyo pale umaskini wa mwombaji haumpunguzii nafasi ya kuingia. Ufadhili wa kushindaniwa una foleni yake, ambayo ni fupi kwa idadi lakini kali zaidi.

Hapa nyumbani ndiyo kabisa. Katika kozi nyingi kinachowachuja watu ni ada na ruhusa ya mwajiri, wala si kamati ya udahili. Kwa hiyo ukikadiria nafasi yako katika chuo cha hapa, tenga maswali mawili: nitadahiliwa? na nikidahiliwa, nitaweza kuripoti? Kwa waombaji wengi niliowasaidia, la kwanza lilikuwa na jibu jepesi, na muda wote walioutumia kulihofia ungewafaa zaidi kama wangeutumia kwenye la pili.

Kuna mtu anadai kwamba kwa malipo anaweza kunihakikishia nafasi. Nimwamini?

Usimwamini. Anayejua hesabu hizi anajua pia kwamba katika chuo ambacho viti havijai atakuuzia kitu ambacho ungekipata bure.

Chuo chenye waombaji wachache ni chuo dhaifu?

Si lazima. Idadi ya waombaji hufuata umaarufu, bei, lugha na mahali, na ubora wa mafunzo ni kimojawapo tu. Kozi ya jioni iliyo umbali wa bodaboda moja kutoka ofisini kwako, yenye walimu wanaofika darasani na wasimamizi wanaorudisha sura za tasnifu ndani ya wiki mbili, inaweza kukufaa kuliko ile inayogombaniwa. Uliza wahitimu walichukua muda gani kumaliza. Swali hilo linatoa taarifa ambayo kiwango cha udahili hakiwezi kuitoa.

Niombe vyuo vingapi?

Tuseme umekadiria nafasi yako katika vyuo vitatu kuwa asilimia 10, 10 na 20. Nafasi ya kukosa vyote, kama maamuzi yao hayahusiani, ni 0.9 mara 0.9 mara 0.8, yaani 0.648, kwa hiyo nafasi ya kupata angalau kimoja ni takriban asilimia 35. Maamuzi hayo, hata hivyo, yanahusiana: insha iliyochosha kamati moja itachosha na nyingine, na barua dhaifu ya mdhamini husafiri nawe kila unakokwenda. Ichukulie asilimia 35 kama kiwango cha juu, na ukadirie halisi kuwa chini yake kidogo.

Kwa hiyo kuongeza vyuo vya aina moja kunasaidia kidogo kuliko inavyoonekana, na kuchanganya aina kunasaidia zaidi. Mpango ninaowapa wengi ni vyuo viwili vya nje vinavyowavutia kweli, kimoja cha Afrika kama shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town au Strathmore ya Nairobi, na kimoja cha hapa nchini ambacho umekwisha kuhesabu orodha zake kwa njia tuliyoieleza. Hicho cha mwisho kilipie ada ya maombi kwanza, kabla ya vingine vyote, na uhifadhi risiti pamoja na namba ya ombi, kwa sababu mwakani kuna mtu atakuja kukuuliza namba hiyo ili akadirie ya kwake.